Riale Mbili, Uso Mmoja

Mwaka wa pili baada ya uhuru wa Kongo nilikuwa mpimaji katika mgodi mdogo wa bati, ndani ya msitu wa Walikale. Wachimbaji walileta mchanga mweusi wa kasiterite kwa vikapu, nami nilikaa mbele ya mizani, nikipima na kutenga kidogo katika chupa ili ijulikane bati ni kiasi gani na uchafu ni kiasi gani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma miaka minne katika seminari ndogo, nikatoka baba alipofariki, kwa sababu mama hakuweza kulima peke yake mashamba yetu ya maharage kule Bihambwe. Seminari iliniachia vitu viwili: Kilatini, na tabia ya kutotaka kuiacha sentensi kabla sijaielewa. Tabia hiyo iliwahi kunichosha mimi mwenyewe, na iliwachosha zaidi watu waliokaa karibu nami.

Siku za soko nilinunua mawese kwa mama mmoja mjane, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mnyamavu, mwenye kipimo cha haki. Shingoni alivaa kitu cha duara kilichofungwa kwa uzi mweusi. Kwa muda mrefu nilidhani ni medali ya Bikira Maria, ingawa nilijua yeye ni Mwislamu. Siku moja alipoinama kunimiminia mawese, kile kitu kikageuka, nikaona maandishi. Nikasoma kwa sauti bila kukusudia: Dei Gratia.

Aliniuliza ni lugha gani ile. Nikamwambia ni lugha ya misa, na maana yake ni "kwa neema ya Mungu". Akatabasamu kidogo. Akasema hiyo si medali, ni pesa ya zamani, na jina lake ni riale ya mizinga. Akanigeuzia upande wa pili anionyeshe ile mizinga: vitu viwili virefu vimesimama, kimoja kulia, kimoja kushoto, katikati yake ngao yenye taji. Mimi niliona nguzo. Yeye na watu wake wote waliona mizinga, wala sikubishana naye, kwa maana aliifahamu sarafu ile kabla sijazaliwa.

Baba yake alikuwa amefika Walikale akiwa kijana, katika msafara wa wanunuzi wa pembe za ndovu waliotoka Maniema, na baadhi yao walikuwa wametoka pwani kabisa. Pembe zilikwisha, misafara ikakatika, yeye akabaki, akaoa, akazaa mabinti wawili. Mali yote aliyokuwa amebakiza ni riale mbili. Alimpa kila binti moja siku ya kuolewa. Binti mkubwa ndiye huyu mama wa mawese. Mdogo aliolewa mbali, na mkulima Mkristo wa milima ya Masisi, akafariki na kuacha binti mmoja. Riale ya marehemu ilirudi kwa dada yake ili aitunze hadi yule binti aolewe.

Nilimwomba anionyeshe na hiyo ya pili. Soko lililofuata aliitoa ndani ya kitambaa. Nikaweka karatasi ya kaye, yaani daftari langu, juu ya kila moja na kusugua kwa kalamu ya risasi, polepole, mpaka picha ikatokea. Mama aliitazama picha ikitokea, akasema nimefanya kama mwalimu. Hizo ndizo picha mbili za kwanza za mkusanyo wangu. Sikuwa na uwezo wa kununua sarafu, na hata ningekuwa nao, huwezi kumvua mtu kitu alichopewa na baba yake.

Nyumbani nikakaa na zile picha. Kila moja ilikuwa na uso wa mfalme, mtu mzima mwenye pua kubwa na majani ya ushindi kichwani. Nyuma yake maandishi yalisema ni mfalme wa Hispania na wa Indi. Kulikuwa na herufi M yenye duara dogo juu yake, halafu namba nane na R, halafu herufi mbili ambazo hazikuniambia kitu. Lakini jambo moja lilinisumbua. Kwenye riale ya mama, iliyotobolewa, jina la mfalme lilifuatwa na namba tatu ya Kirumi. Kwenye riale ya marehemu jina lilikuwa lilelile, ila namba ilikuwa nne. Wafalme wawili, na uso mmoja. Nilipima pua, kidevu, hata utepe wa nywele, kwa kipande cha uzi. Ulikuwa uso mmoja.

Pasaka nilikwenda nyumbani Bihambwe kumsaidia mama yangu kupalilia, nikapitia misheni ya Masisi kumwona padri mmoja mzee aliyekuwa amenifundisha Kilatini. Alipenda vitu vya kale. Alizitazama picha zangu kwa kioo cha kukuzia, akanieleza kwamba zile ni nguzo za hadithi za kale, na kwamba maneno kwenye utepe wake, Plus Ultra, maana yake ni "mbele zaidi". M, akasema, lazima iwe Madrid. Nilipomwonyesha namba tatu na namba nne, akasema jambo liko wazi: mfalme wa nne hawezi kuvaa uso wa mfalme wa tatu. Mtu fulani aliiga sarafu ya kweli, akakosea namba. Riale ya marehemu ilikuwa ya bandia.

Nilimwamini. Alikuwa mwalimu wangu. Niliporudi Walikale nilikwenda moja kwa moja sokoni kumwambia yule mama, na nilimwambia kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Nilikuwa bado naeleza habari ya pua na kidevu nilipoona ameweka chini kipimo cha mawese.

"Unataka kusema nini, mutoto wangu?" akauliza. "Baba alinipatia mimi ya kweli, na dada yangu akamupatia ya uongo?"

Sikuwa nimeliona jambo hilo kwa upande huo. Nikasema labda baba mwenyewe hakujua. Akanijibu kwamba baba yake alifanya biashara maisha yake yote, na kwamba dada yake alikuwa akilalamika tangu utoto kuwa baba anampenda zaidi mkubwa. "Nilikuwa ninamwambia kila siku anajidanganya," akasema. Halafu akaendelea kuuza, na mimi nikasimama pale na chupa yangu hadi mteja mwingine akaniomba nisogee.

Binti wa marehemu alikuwa amekwisha kuposwa. Harusi ingefanyika misheni Masisi, mwezi wa saba, barabara zikikauka. Wiki moja baadaye mama aliniambia uamuzi wake, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Hawezi kumpa mtoto wa dada yake kitu cha bandia siku ya harusi. Atampa riale yake mwenyewe, ile aliyovaa shingoni zaidi ya miaka arobaini. Ile nyingine itabaki naye.

Tangu siku hiyo niliamua kwamba lazima nijue ukweli, si ukweli wa kukisia. Kama padri alikuwa sahihi, basi nijue kwa hakika. Kama alikosea, basi nilikuwa nimeupeleka uongo mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka mezani pa mjane. Nilikuwa na miezi mitatu.

Nilianza na kile nilichokuwa nacho, yaani mizani. Pale mgodini tulikuwa na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, iliyoweza kuhisi hata punje ya chumvi. Kitu kikipimwa hewani, halafu kikapimwa kikiwa kimening'inia ndani ya maji, hupungukiwa uzito, na kiasi hicho cha upungufu hukuambia ni madini gani. Hivyo ndivyo tulivyotofautisha kasiterite na mawe meusi ya kawaida. Mkubwa wa chumba cha mizani, aliyekuwa amepewa kazi hiyo baada ya Mzungu kuondoka, alinikubalia kwa sharti nifanye wakati wa mapumziko na nisivunje kitu.

Mama hakukubali riale zitoke mkononi mwake. Akaja nazo mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuketi ndani ya chumba kile tangu nianze kazi. Alikaa wima kwenye kigoda, akitazama kila nilichofanya, nami nikazifunga riale kwa uzi mwembamba, moja baada ya nyingine, nikazishusha ndani ya bilauri ya maji. Ile ya marehemu ilikuwa na gramu ishirini na saba hewani. Yake ilikuwa nyepesi zaidi, kwa sababu ya tundu na kwa sababu ya kusuguana na nguo miaka yote ile. Lakini nilipogawanya hesabu, zote mbili zilitoa jibu moja: uzito wa maji mara kumi na kidogo. Risasi ingezidi kumi na moja. Bati haifiki nane. Nikarudia mara tatu. Ilikuwa fedha, na fedha ya aina moja.

Nilimweleza kwa furaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akazichukua riale zake, akazikausha kwa pindo la kitenge.

"Fedha iko fedha," akasema. "Lakini hata mwizi anaweza kufanya uongo na fedha ya kweli. Padri alisema uso na jina. Hilo haujanijibu."

Alikuwa na haki. Mizani ilijua madini tu, haikujua wafalme.

Mwezi wa tano nilisikia kwa binamu yangu kwamba shule ya Masisi imepata mwalimu mpya wa hesabu kutoka Haiti. Walimu Wazungu wengi walikuwa wameondoka, na serikali ilikuwa imewaleta watu kutoka nchi mbalimbali kujaza nafasi zao. Huyo alikuwa mweusi kama sisi, na alisema Kifaransa kizuri kuliko walioondoka, na watu walikuwa wanasafiri ili wamwone tu. Mimi sikujua Haiti iko wapi. Niliuliza, nikaambiwa ni kisiwa upande wa pili wa bahari, ambacho Wahispania walikifikia zamani. Hilo lilinitosha. Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikapanda kamyo iliyopeleka magunia ya kasiterite Goma. Njiani tulikwama siku nzima kwenye tope, tukakata miti ya kuweka chini ya magurudumu, na nilifika Masisi nikiwa na matope hadi magotini, ile kaye nikiwa nimeifunga tumboni.

Nilimkuta mwalimu akisahihisha daftari za wanafunzi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikioni. Nilieleza shida yangu kwa Kifaransa, nikafungua kaye. Aliweka kidole juu ya zile nguzo mbili na akakiacha pale kwa muda.

Kisha akaniambia kwamba pesa ya nchi yake inaitwa gourde mpaka leo, na kwamba jina hilo lilitokana na sarafu hii hii, kwa sababu ilikuwa nene na nzito. Bibi yake aliwahi kuwa nayo moja. Akanieleza M yenye duara dogo: siyo Madrid, ni Meksiko, M na o, herufi ya kwanza na ya mwisho. Indi siyo Bara Hindi, ni zile nchi za ng'ambo ya bahari ambazo Wahispania walizichukua. Na zile herufi mbili za mwisho, zilizokuwa hazijaniambia kitu, ni alama za wapimaji wa nyumba ya kutengenezea pesa, waliohakikisha kwamba fedha ni safi. Nikamwuliza kama anamaanisha watu waliokaa mbele ya mizani. Akasema ndiyo. Nilijisikia kama niliyesalimiwa na mtu wa ukoo.

Lakini namba tatu na namba nne hakuweza kuzifafanua. Alikubali kwamba uso ni mmoja. Akaahidi kwamba akifika Bukavu, mahali palipokuwa na maktaba, atatafuta habari za wafalme hao na kuniandikia. Nilimshukuru, nikarudi Walikale na nusu ya jibu.

Nilisubiri barua majuma sita. Mvua za mwisho zilikuwa zimebeba daraja moja, na posta ilikuja kwa miguu au haikuja. Kila siku ya soko nilimpita mama, tukasalimiana vizuri, naye hakuniuliza kitu. Aliacha kuvaa riale yake. Nilijua ameanza kuizoesha shingo yake kukaa tupu. Wenzangu mgodini waliniambia niache, kwamba sarafu mbili za zamani haziwezi kumnyima mtu usingizi. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba barua isipokuja nitakwenda Bukavu mwenyewe.

Barua ilifika siku tatu kabla ya harusi. Mwalimu alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo wa hesabu. Mfalme wa tatu wa jina lile alikufa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1788, mwanawe akawa wa nne. Akaniuliza mwaka ulioandikwa kwenye riale yenye namba nne ni upi. Sikuhitaji kufungua kaye. Ilikuwa 1789. "Mwaka unaofuata," alikuwa ameandika, "lakini kwa nini uso wa baba, sijui. Samahani."

Niliikunja barua niirudishe ndani ya bahasha, na macho yangu yakaangukia tembre, stempu iliyobandikwa pembeni. Tulikuwa tumezoea tembre zile kiasi kwamba hakuna aliyezitazama tena. Ilikuwa picha ya ua, na maandishi ya utawala wa zamani, jina la Kongo ya Wabelgiji, na juu ya maandishi hayo limepigwa neno moja jeusi: CONGO. Nchi ilikuwa imebadilika kwa siku moja, lakini posta haikuweza kutengeneza tembre mpya kwa siku moja. Walichukua picha ya zamani, wakaipiga jina jipya, kazi ikaendelea.

Nikakaa chini kwenye gunia. Meksiko iko ng'ambo ya bahari. Habari ya kifo cha mfalme ililetwa na meli. Jina jipya lilikuwa neno tu, fundi yeyote angeweza kulichonga. Lakini uso wa mfalme mpya hakuna aliyekuwa ameuona kule. Ilibidi wasubiri picha yake, na wakati huo fedha haikungoja. Kwa hiyo wakaweka namba ya mwana juu ya uso wa baba. Hakuna aliyeiga wala kukosea. Miaka mingi baadaye, katika duka moja Bukavu, nilisoma katika kitabu cha sarafu kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba watu wanazitafuta sana sarafu za mwaka ule. Lakini siku ile sikuhitaji kitabu.

Mama alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Masisi. Sikuomba ruhusa safari hii, nilimwachia mwenzangu mizani na kumwambia nitaeleza nikirudi. Hakukuwa na kamyo. Nilitembea, nikadandia baiskeli ya mchukuzi wa ndizi, nikatembea tena, nikalala kwa watu nisiowajua, nikafika misheni siku ya harusi, misa ikiwa imekwisha. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani nje ya nyumba ya bwana harusi, wakila maharage na ubugali wa muhogo. Bibi harusi alikuwa katikati ya shangazi za mume wake. Shingoni, kwa uzi mpya mwekundu, alikuwa amevaa riale yenye tundu.

Nilikuwa nimechelewa. Nilimwendea mama alipokaa, nikapiga magoti mbele yake kwa uchovu zaidi kuliko kwa heshima, nikamwonyesha bahasha. Hakujua kusoma, lakini tembre aliijua. Nilimweleza kuhusu ua na lile neno jeusi, halafu kuhusu mfalme aliyekufa, meli, na mafundi waliokuwa na jina kabla ya kuwa na uso. Nikamwambia riale ya dada yake ni ya kweli kama yake. Nikamwambia pia kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kumletea neno kabla ya kulichunguza.

Alishika bahasha muda mrefu, akaisogeza mbali na karibu.

"Basi baba alitupatia sawasawa," akasema.

"Sawasawa, Mama. Nilipima mbele yako."

Akafunika uso kwa kitenge. Jirani zake wakadhani nimeleta habari ya msiba, wakaanza kuniangalia vibaya. Alipojifunua alikuwa ametulia. Nikamwambia bado kuna nafasi, anaweza kumwita binti ndani na kubadilishana, kila riale ikarudi mahali pake. Akatikisa kichwa.

"Acha ikae vile," akasema. "Ya kwangu iko na mutoto wake. Ya dada yangu iko na mimi. Sasa njo iko muzuri zaidi."

Kisha akaniambia nile, kwa sababu ninaonekana kama mtu aliyetoka mtegoni.

Kesho yake nilimtembelea padri. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, kuanzia Meksiko. Aliuliza maswali makali, nami nikajibu. Mwishoni alitoa kalamu, akachukua karatasi aliyokuwa ameandika habari za picha zangu wakati wa Pasaka, akakata neno Madrid, akakata na neno bandia. Hakuomba radhi, na mimi sikutarajia. Alinipa kile kioo chake cha kukuzia.

Kioo hicho kilinifaa. Habari zilienea kwamba kuna mpimaji anayesoma pesa za zamani na haombi kuzinunua, na watu wakaanza kuniletea zao, kutoka Walikale na kutoka milima ya Masisi. Nyingi hazikuwa za Hispania. Nilipata mama mnene mwenye shela, malkia wa nchi nyingine, na nilipata vibati vya kawaida. Mwaka pesa yetu ilipobadilishwa na kuitwa zaire, watu walifukua kila kitu kilichong'aa wakidhani benki itakipokea, wakakataliwa, na wengine walipitia kwangu wakirudi nyumbani. Kila sarafu niliipima, nikasugua picha yake, nikaandika ni ya nani na ilimfikia kwa njia gani, nikairudisha mkononi mwa mwenyewe. Riale za mizinga zilifika kumi na moja.

Mimi mwenyewe nilimiliki moja tu, nayo haina umbo. Nilimpa jirani mmoja wa Bihambwe mbuzi jike ili aniachie, na mama yangu hakunisamehe upesi. Ni kipande cha fedha kilichokatwa kwa patasi, kizito, chenye msalaba, minara na simba, hakina uso wa mtu wala nguzo. Herufi ya mji ni P, na mwalimu wa Haiti, kabla ya kurudi kwao, alinieleza kuwa ni Potosi, mlima wa fedha ambao watu waliingizwa ndani yake kuchimba na wengi hawakutoka. Mwaka umekatika pamoja na ukingo. Lakini herufi ya mpimaji imebaki nusu, mguu mmoja ulionyooka na sehemu ya tumbo lake. Inaweza kuwa R, inaweza kuwa B. Nimeandika kote ninakoweza kuomba orodha ya wapimaji wa mji ule. Nikiipata nitajua alikaa mbele ya mizani yake miaka gani.